Poti ya Siriali Bado Ina Kazi



Mazungumzo yetu leo ni ya kifaa ambacho vijana wengi wanaosomea kompyuta hivi sasa hawajawahi kukichomekea waya. Ni poti ya siriali, ile yenye pini 9 iliyokuwa nyuma ya kompyuta za mezani, tuliyokuwa tukiunganishia modemu, kipanya, na hata printa. Kwenye kompyuta mpakato zinazouzwa madukani leo huioni. Lakini ukiwasha mashine pepe, iwe kwenye kompyuta yako hapo nyumbani au kwenye seva ya wingu iliyoko ng'ambo, kuna uwezekano mkubwa kwamba poti hiyo imo ndani yake. Imeigwa kwa programu tupu. Haina pini wala waya, na bado inapokea na kutuma herufi kati ya mashine isiyoshikika na kompyuta halisi iliyoibeba.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kati ya njia zote zinazounganisha mashine pepe na kompyuta iliyoibeba, hii ndiyo duni kuliko zote kwa kasi, na ndiyo ninayoitegemea kuliko zote mambo yanapoharibika. Wasimamizi wengi wa seva hawaijui mpaka siku wanapokwama, na siku hiyo mara nyingi wanakuta hawakuiandaa. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kuiandaa ni kazi ndogo.

Kwa asiyefahamu, mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya kweli. Ile ya kweli huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Mgeni ana mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na kumbukumbu yake, na mwenyeji mmoja anaweza kubeba wageni kadhaa kwa wakati mmoja. Wazo hili si la juzi. IBM ilikuwa na mashine pepe tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa VM/370. Kwenye kompyuta za kawaida, VMware ilileta programu yake ya kwanza mwaka 1999, Mfaransa Fabrice Bellard akatoa QEMU mwaka 2003, na KVM ikaingia ndani ya Linux mwaka 2007.

Mfumo wa uendeshaji uliowekwa kwa mgeni kwa kawaida umeandikwa kwa ajili ya vifaa halisi. Unapoamka, unaanza kutafuta vifaa unavyovijua: diski iko wapi, kadi ya mtandao iko wapi, saa iko wapi. Kwa hiyo anayetengeneza programu ya mashine pepe hulazimika kuuonyesha vifaa hivyo, na kila kifaa lazima kijibu kama chuma chenyewe kingejibu. Baadhi ya vifaa ni vigumu mno kuviiga, kadi ya michoro kwa mfano. Poti ya siriali ni katika vilivyo rahisi kabisa, na urahisi huo una chanzo chake.

Kanuni ya mawasiliano hayo, RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960 na chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki. Lengo lilikuwa kuunganisha terminali na modemu. Biti husafiri mojamoja kwa kufuatana, mfano wa watu wanaovuka mto kwa daraja la gogo moja: anayetangulia ndiye anayefika kwanza, na hakuna kupitana. Waya ukiwa kimya hukaa kwenye hali ya 1. Mtumaji anapotaka kutuma baiti, anaushusha kwenye 0 kwa muda wa biti moja ili kumwamsha mpokeaji, halafu anatuma biti 8 za herufi akianzia na ile ndogo, kisha anaurudisha kwenye 1. Jumla ni biti 10 kwa kila baiti.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, kadi yake ya mawasiliano ilitumia chipu ya National Semiconductor iitwayo 8250. Chipu hiyo inaonekana kwa prosesa kama anwani 8 zilizofuatana, na kwa poti ya kwanza, COM1, anwani hizo zinaanzia 3F8 kwa hesabu ya msingi wa 16. Baadaye ikaja chipu ya 16550A, yenye foleni ya baiti 16 ili prosesa isisumbuliwe kwa kila herufi. Hadi leo, ukiwasha mgeni ndani ya QEMU kwenye kompyuta ya aina ya PC, anakuta chipu hiyo ya 16550A pale pale 3F8. Zaidi ya miaka 40 imepita na anwani haijasogea.

Hebu sasa tufuatane na herufi moja, herufi A kubwa, tuone inavyotoka kwa mgeni hadi kumfikia mwenyeji. Naomba uvumilivu wako hapa, kwa sababu ukiielewa safari hii umeelewa nusu ya mambo ya mashine pepe.

Katika kompyuta, A kubwa ni namba 65. Draiva ya mgeni, yaani programu yake inayoiongoza chipu, kwanza inataka kujua kama chipu iko tayari kupokea. Inasoma rejista ya hali, ambayo iko anwani 3FD, na kuangalia biti yenye thamani ya 32. Biti hiyo ikiwa 1, maana yake njia iko wazi. Ndipo draiva inaiamuru prosesa: peleka 65 kwenye anwani 3F8. Kwenye kompyuta halisi, amri hiyo ingefika kwenye chipu na volti zingeanza kupanda na kushuka kwenye waya. Hapa hakuna chipu. Tangu mwaka 2005 prosesa za Intel zimekuwa na uwezo wa kumsimamisha mgeni papo hapo anapogusa jambo la namna hii, na AMD ikafuata mwaka uliofuata. Mgeni anagandishwa katikati ya amri yake, bila mwenyewe kuhisi chochote, na udhibiti unarudi kwa mwenyeji.

Mwenyeji, tuseme ni Linux yenye KVM, anaikabidhi QEMU taarifa fupi sana: mgeni ameandika, kwenye poti namba 3F8, baiti moja, na baiti yenyewe ni 65. QEMU inaangalia daftari lake, inaona anwani hiyo ni ya poti ya siriali, inaiweka 65 kwenye foleni ya kuigwa, kisha inaitoa nje. Ikishamaliza, inamruhusu mgeni aendelee na amri inayofuata. Shughuli nzima imechukua mikrosekunde kadhaa. Kwa upande wa mgeni, herufi imeondoka kwa waya.

Ya kurudi ni vivyo hivyo, kwa mwelekeo wa kinyume. Mwenyeji akituma herufi, QEMU inaiweka kwenye foleni ya kupokelea na kumpigia mgeni ishara ya kukatiza, ishara namba 4, ile ile ambayo COM1 imekuwa ikiitumia tangu enzi za kompyuta ya IBM. Mgeni anaacha alichokuwa akifanya, anasoma 3F8, anagandishwa tena kidogo, na anapozinduliwa herufi iko mkononi mwake.

Nimesema QEMU inaitoa herufi nje. Nje wapi? Hapo ndipo penye uzuri wenyewe, kwa sababu mgeni hajui wala hahitaji kujua. Mwenyeji ndiye anayeamua. Anaweza kuielekeza kwenye faili, kila neno la mgeni likaandikwa na kuhifadhiwa. Anaweza kuifunga kwenye terminali bandia ya Linux, ukaketi na kuchapa kana kwamba uko mbele ya kibodi ya mgeni. Anaweza kuipeleka kwenye soketi ya mtandao, mtu aliye mji mwingine akaisoma. Kwenye Windows, VMware na VirtualBox zinaweza kuifungua kama bomba lenye jina, na programu nyingine yoyote ikajiunga nalo. Na anaweza kuichomeka kwenye poti halisi ya siriali, kama kompyuta yake bado inayo.

Hapa nitoe tahadhari moja kwa wanaoanza. Ukiiambia QEMU iifungue poti kama soketi inayosubiri mteja, bila maelezo zaidi, mashine yako haitawaka mpaka mtu ajiunge na soketi hiyo. Wengi hudhani programu imekwama, wanaizima na kuiwasha tena na tena. Haijakwama, inasubiri tu. Iambie isisubiri. Na ukumbuke kwamba ikiendelea bila msikilizaji, maneno yatakayotoka kabla hujajiunga yanaweza kupotea moja kwa moja. Kama unayataka yote, yaandike kwenye faili.

Sasa tuje kwenye kasi. Chipu ya zamani ilipata mapigo yake kutoka kwenye saa ya megahezi 1.8432, ikayagawa kwa 16, na hapo ndipo ilipotoka namba inayojulikana na kila fundi, 115200. Hizo ni biti kwa sekunde. Gawa kwa 10, unapata baiti 11520. Faili la megabaiti 1 linachukua dakika 1 na nusu. Faili la megabaiti 100 linachukua zaidi ya saa 2 na nusu. Katika poti iliyoigwa kasi hii kwa kawaida haimfungi mtu, kwa sababu hakuna waya wa kuchelewesha, lakini kule kugandishwa kwa mgeni kila anapogusa rejista kuna gharama yake. Fikiria faili kubwa, baiti kwa baiti, na kwa kila baiti mgeni anasimamishwa mara moja au mbili. Prosesa inakesha ikiingia na kutoka.

Kuna na tatizo jingine ambalo huwatesa watu. Mtu anachukua picha, anaimimina kwenye ttyS0, ambalo ndilo jina la poti ya kwanza katika Linux, na upande wa pili picha inafika imeharibika. Anailaumu poti. Poti haina kosa. Linux inaichukulia njia hiyo kuwa ya mtu anayechapa, kwa hiyo inaingilia kati. Baiti yenye thamani ya 3 inaichukua kama amri ya kukatiza programu. Baiti ya 4 inaichukua kama mwisho wa maandishi. Baiti ya 19 inaichukua kama ombi la kunyamaza. Mwisho wa mstari inauongezea alama ya pili. Tena inarudisha mwangwi wa kila inachopokea. Dawa yake ni amri moja, stty, kuiambia ipitishe baiti mbichi bila mwangwi. Au utumie programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo: Kermit, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, au ZMODEM ya mwaka 1986, ambazo zinakata faili vipande, zinahakiki kila kipande, na kutuma upya kilichoharibika. Zote mbili bado zinafanya kazi ndani ya mashine pepe kama zilivyofanya kazi kwenye simu za waya.

Waliotaka kasi walitafuta njia yao. Mwaka 2008 Rusty Russell, mtaalamu wa Linux kutoka Australia, alieleza mpango wa virtio. Kwa mpango huu mgeni anakubali kwamba yeye ni mgeni. Badala ya kugusa chipu ya kuigiza, anaweka ujumbe kwenye sehemu ya kumbukumbu anayoichangia na mwenyeji, kisha anampigia kengele mara moja kwa mzigo mzima. Ikatengenezwa poti ya siriali ya aina hiyo pia, yenye njia nyingi zenye majina. Ndiyo inayotumiwa na wakala wa QEMU anayekaa ndani ya mgeni: mwenyeji akitaka kujua anwani za mtandao za mgeni, au akitaka mgeni atulize diski zake kabla ya kunakiliwa, anamwandikia wakala huyo ujumbe wa JSON kupitia njia hiyo, na wakala anajibu. Yote hayo bila kugusa mtandao wa mgeni hata kidogo. Kwa kazi za kila siku, hii ndiyo njia ninayowashauri watu waitumie.

Basi kwa nini ile ya zamani isistaafishwe?

Kwa sababu virtio inahitaji mambo mengi yawe yameshakaa sawa. Draiva iwe imepakiwa, kumbukumbu iwe imepangwa, wakala awe anaendeshwa. Poti ya 3F8 haihitaji lolote katika hayo. Mistari michache ya msimbo inatosha kuandika herufi. Ndiyo maana kiini cha Linux kinaweza kuzungumza kupitia poti hii katika hatua za mwanzo kabisa za kuamka, wakati skrini bado haijulikani na mtandao haujazaliwa. Na ndiyo maana kinapoanguka, maneno yake ya mwisho mara nyingi hutokea hapo. Skrini huganda, mtandao hukatika, lakini kwenye faili la mwenyeji unakuta mistari inayokutajia ni draiva ipi iliyoangusha mfumo na kwenye anwani ipi. Wanaotengeneza viini vya Linux na Windows wamekuwa wakichunguza makosa kwa njia hii miaka nenda miaka rudi.

Ushahidi mkubwa kwangu ni Firecracker. Mwaka 2018 Amazon ilitoa programu hii ya kuendesha mashine pepe ndogo zinazowaka kwa sehemu ya sekunde. Watengenezaji wake waliondoa karibu kila kifaa cha kuigwa ili kupunguza uzito na hatari. Hakuna kadi ya michoro, hakuna sauti, hakuna USB. Walibakiza mtandao, diski, kidhibiti cha kibodi chenye kitufe kimoja tu cha kuizima mashine, na poti ya siriali. Watu waliokuwa wanapima kila mstari wa msimbo kabla ya kuuruhusu ubaki waliona hii haiondoki.

Nikupe mfano wa hali inayowapata wasimamizi wengi. Mtu ana seva kwenye wingu. Anaongeza diski, anafungua faili la fstab kuandika mstari wa diski hiyo, anakosea herufi moja kwenye kitambulisho chake. Anaiwasha upya mashine. Linux inaitafuta diski, inasubiri sekunde 90, haiioni, na inaingia katika hali ya dharura. Mtandao haujawashwa. Anajaribu kuingia kwa njia yake ya kawaida, SSH, hakuna jibu. Kwake yeye seva imekufa, na wateja wanapiga simu.

Seva haijafa. Iko hai, inasubiri mtu aje kurekebisha mstari mmoja, na inayasema hayo yote kwenye poti ya siriali. Kampuni kubwa za wingu zimeifungua njia hiyo: Microsoft iliileta kwenye Azure mwaka 2018, Amazon ikaileta kwenye EC2 mwaka 2021, na Google nayo inayo. Unaifungua kwenye kivinjari, unaona maneno ya mashine yakipita mstari kwa mstari. Na kwa kuwa ni maandishi matupu, hata mtandao dhaifu wa simu unayamudu, jambo ambalo sisi wa huku tunalijua thamani yake.

Lakini huyu ndugu anaweza kufika pale na kukuta ujumbe mwingine: mfumo unamwambia hauwezi kumfungulia konsoli, yaani mahali pa kuchapa amri, kwa sababu akaunti ya root imefungwa. Mifumo mingi ya wingu husambazwa bila nywila ya root, na hilo ni jema kwa usalama wa mtandao, ila hapa limemfungia mwenyewe nje. Sasa itambidi aitoe diski, aichomeke kwenye mashine nyingine, airekebishe huko, airudishe. Kazi ya dakika 2 inakuwa ya saa 2. Angekuwa ameweka nywila imara mapema, au ameiwezesha GRUB, programu inayowasha mfumo, ionekane kwenye poti hiyo, angekuwa ameshamaliza.

Sasa nigeukie upande wa hatari, na hapa nasema kwa msisitizo. Njia inayopitisha data kati ya mgeni na mwenyeji inapitisha data nzuri na mbaya. Mwezi Juni mwaka 2015, mtafiti wa Google, Kostya Kortchinsky, alitangaza jinsi alivyotoka ndani ya mgeni wa VMware Workstation na kuendesha msimbo wake kwenye Windows ya mwenyeji, akipitia COM1. Poti yenyewe haikuwa na kasoro. VMware ilikuwa imeiunganisha na printa ya kuigwa: mgeni akichapisha, kazi ya uchapishaji ilipita kwenye COM1, na upande wa mwenyeji kulikuwa na programu ya kuipokea na kuifasiri, pamoja na fonti na picha zilizomo. Programu hiyo iliamini urefu na vipimo vilivyoandikwa ndani ya data ya mgeni. Kortchinsky akaandika data yenye vipimo vya uongo, kumbukumbu ya programu ikafurika, na ukuta ukapasuka. VMware ilitoa marekebisho mwezi huo huo.

Mwezi mmoja kabla yake, dunia ilikuwa imesikia habari ya VENOM, kasoro iliyogunduliwa na Jason Geffner katika diski laini ya kuigwa ya QEMU. Msimbo wenye kasoro ulikuwa umekaa humo tangu mwaka 2004. Nani alikuwa anatumia diski laini mwaka 2015? Karibu hakuna, lakini kifaa kilikuwa kinaigwa, na hicho kilitosha kuwa mlango.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya kusoma upande wa pili wa bomba la siriali, iwe kwa Python, C au lugha nyingine yoyote, mchukulie mgeni kama mtu usiyemfahamu. Akikuambia ujumbe wake una baiti 200, hesabu mwenyewe. Akituma zaidi ya kiwango, kata. Usichukue neno lake ukalifanya amri ya kuendeshwa kwenye mwenyeji. Na kama unayaandika maneno yake kwenye faili, wekea faili hilo kikomo, kwa sababu mgeni aliyeharibika au mwenye nia mbaya anaweza kuandika usiku kucha mpaka diski ya mwenyeji ijae na wageni wengine wote waanguke pamoja naye. Waliotengeneza libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, waliliona hilo, wakaweka programu ya virtlogd kuzungusha faili hizo zikifika megabaiti 2. Anayejitengenezea mwenyewe hana wa kumlinda. Tena, konsoli ya siriali haipiti kwenye ngome ya mtandao ya mgeni. Ukiiacha iingie yenyewe bila nywila kwa kutaka wepesi, umemkabidhi funguo kila mwenye akaunti kwenye wingu lako.

Kuna mahali pamoja ambapo poti hii inagusa maisha ya watu moja kwa moja, nami napenda nilitaje kabla sijakuaga. Katika maabara za hospitali, mashine nyingi za kupima damu hutoa majibu kwa RS-232. Baadhi zina programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia mwezi Aprili mwaka 2014. Kompyuta iliyokuja na mashine hiyo ikifa, hakuna haja ya kuitupa mashine nzima inayofanya kazi vizuri. Programu ile inaweza kuwekwa ndani ya mashine pepe, na poti ya mgeni ikafungwa kwenye poti halisi ya mwenyeji, au kwenye kebo ya kubadilisha USB kuwa siriali. Hapa kasi si ya jina tena, kwa sababu waya upo: mashine ikituma kwa 9600, na mwenyeji asome kwa 9600, biti 8, bila biti ya uhakiki, na biti 1 ya kufungia. Ukikosea hapo, utasoma takataka badala ya majibu ya mgonjwa. Kisha mnyime mgeni huyo mtandao kabisa, kwa kuwa XP ya leo haina kinga, na umwachie poti hiyo tu. Fundi anayejua haya anaiokolea hospitali fedha nyingi. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi viyafundishe kwa vitendo, maana vifaa vyake vyote ni programu za bure na kompyuta moja ya kawaida.

Ombi langu kwako, msikilizaji unayesimamia seva, hata kama ni moja tu ya duka au ya shule, ni hili. Kabla wiki hii haijaisha, hakikisha kiini cha Linux kinaelekezwa kwenye ttyS0, weka nywila imara kwa akaunti moja itakayoweza kuingia hapo, ifungue konsoli ya siriali, na uiwashe upya mashine huku ukitazama. Ukiona maneno ya kuamka yanapita mpaka unaulizwa jina la mtumiaji, ingia, kisha toka. Na kama huoni kitu, afadhali umegundua leo, mashine ikiwa nzima na wewe ukiwa na muda wa kutafuta sababu.